Kulea Kamba Mbali na Bahari

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyoosha mkono kumsalimia Meneja wa Kituo, naye hakuupokea. Alinionyesha kwa kidevu beseni lililowekwa juu ya stuli mlangoni, kando yake kipande cha sabuni kilicholika mpaka kimekuwa chembamba kama jani.

"Hapa, binti, mtu hunawa kwanza mpaka kwenye kiwiko. Salamu baadaye."

Nilinawa. Sikuwa nimeshika sabuni ya kweli tangu nitoke chuoni. Nyumbani kwetu, kwenye rasi ya Majita, miaka ile tulifua nguo kwa majani ya mpapai, na duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Nilipomaliza nikanusa viganja vyangu kwa siri. Meneja aliniona, akageuza uso kana kwamba hakuona. Kisha akanyoosha mkono wake. "Karibu kazini."

Niliajiriwa kama msaidizi wa maabara. Kituo kilikuwa kando ya ziwa, nje kidogo ya mji wa Musoma, na kazi yake ilikuwa kuzalisha kamba. Nilipomwandikia mama yangu hivyo, alidhani nimepelekwa kusokota kamba za mkonge, akawatangazia watu kanisani kwamba binti yake kasoma mpaka kafika kwenye mkonge. Ilibidi niende mwenyewe kumweleza kwamba ni mdudu wa majini, wa kuliwa, mwenye makucha ya buluu marefu kuliko kiganja cha mtu mzima. Aliniuliza kama sato wameisha ziwani.

Wakubwa wa juu walikuwa wameamua kwamba kamba hao watauzwa hotelini na ng'ambo, nchi ipate fedha za kigeni. Kwenye karatasi jambo lilikuwa zuri. Tatizo lilikuwa tabia ya kamba mwenyewe. Akishakuwa mkubwa huishi kwenye maji baridi, yasiyo na chumvi, kama haya yetu, lakini mama mwenye mayai huteremka mto mpaka karibu na bahari, kwa sababu watoto wake hawakui bila chumvi kidogo majini. Nasi tulikuwa safari ndefu kutoka baharini. Maji mazito ya chumvi yaliletwa kutoka pwani kwa mapipa, kwa treni mpaka Mwanza, halafu kwa lori. Lori lilipokosa dizeli, mapipa yalikaa stesheni yakipigwa na jua, nasi tukatumia chumvi ya magunia, ile ile ambayo watu wa mjini walikuwa wakiipangia foleni.

Mtunza matangi aliitwa Masatu. Alikuwa mtu wa Majita kama mimi, kwa hiyo aliniita dada tangu asubuhi ile ya kwanza. Zamani alikuwa mvuvi. Nyavu zake zilipochakaa hakupata nyingine madukani, akatafuta kibarua kituoni. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ya mtu aliyezoea kuvuta wavu wa kokoro, na sasa ilishika mpira mwembamba wa kunyonya uchafu chini ya tangi bila kuwasumbua viumbe wasiofikia punje ya mchele.

"Dada, mimi nilikuwaga navuta sangara wa kutosha mtumbwi mzima," aliniambia. "Leo nachunga mifugo ambayo hata nikiwahesabu siwaoni."

Lakini aliwapenda. Niliwahi kumkuta ameinama juu ya tangi akiwakemea kwa Kijita, kama mtu anayewakemea mbuzi walioingia shambani.

Watoto hao tuliwaita lava. Kamba jike hubeba mayai chini ya tumbo. Mayai huwa ya rangi ya chungwa, yakikaribia kuanguliwa hugeuka kijivu, na unaona macho ndani yake. Lava anapotoka huogelea kichwa chini, mkia juu, na hujivua gamba mara kumi na moja kabla hajafanana na kamba. Kila anapojivua yuko uchi, na ndipo hufa kwa wingi. Tuliwalisha vijidudu vya maji ya chumvi vilivyokuja kwenye makopo kutoka nje, na makopo yalipokosekana tuliwalisha mayai ya kuku yaliyopikwa kwa mvuke na kusagwa kwenye chujio. Sitasahau macho ya vibarua tulipokuwa tukisaga mayai hayo. Hakuna aliyeiba, kwa sababu Meneja alisimama pale mpaka sufuria lioshwe.

Kazi yangu mimi ilikuwa bakteria. Nilichukua maji ya tangi, nikachukua mayai, nikachukua lava wachache na kuwasaga, kisha nikapaka juu ya agari, ule uji wa mwani unaoganda kwenye sahani za kioo. Kesho yake bakteria walikuwa wameota kama vidoa vya ukurutu, wengine weupe, wengine wa njano, wengine wa kijani kibichi. Siku za mwanzo nilimkimbilia Meneja na kila sahani nikimwambia, "Mzee, tangi hili lina bakteria!"

Alinivumilia, halafu siku moja akaweka kalamu chini. "Binti, bakteria wapo hata kwenye ulimi unaonisemea. Usiniambie wapo. Niambie ni akina nani, na nani kahamia juzi."

Hapo ndipo aliponifundisha jambo ambalo nimelibeba maisha yangu yote. Yai halizaliwi safi. Linatoka na bakteria wa mama yake. Lava anapofungua kinywa mara ya kwanza, tumbo lake ni kiwanja kitupu, na wanaoingia na chakula cha kwanza ndio wanaojenga. Baadaye, akijivua na kubadili chakula, wakazi hubadilika tena. Wakaaji wema wakiwahi, waharibifu hukosa mahali. Ukisafisha tangi kwa dawa kali ukaua wote, umefyeka shamba ukaliacha wazi, na gugu ndilo la kwanza kuota. Kwa hiyo Meneja hakumwaga maji yote ya tangi lililofanya vizuri. Alihifadhi sehemu, aliyaita maji ya zamani, akayatumia kuanzishia tangi jipya, kama mama anavyobakiza maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Tulipata vifaranga wachache, ndivyo tulivyowaita kamba wachanga waliovuka ulava, lakini tulipata.

Maji machafu yalitoka kwa mtaro uliopita chini ya uzio kuelekea kichakani. Asubuhi moja nilitoka kwenda kuchota sampuli pale nikakuta wanawake wamepanga ndoo. Wa mbele alikuwa Nyabwire, mke wa Masatu, ambaye nilimwita wifi. Alikuwa anakinga maji ya mtaro kwa bakuli.

"Wifi, hayo maji yametoka kwenye matangi ya lava waliokufa," nilimwambia. "Yana bakteria wabaya. Watoto watahara."

"Tutachemsha," alisema bila kuinua kichwa. "Uchafu unakufaga ukichemsha. Lakini haya ya ziwa hata uchemshe mwaka mzima hayatoi chumvi."

Mwingine nyuma yake akasema, "Mnawapa wadudu chumvi na mayai. Sisi tunakula ugali na samaki furu bila chumvi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilikwenda kwa Meneja. Alikuja akasimama kwenye uzio muda mrefu, nao wakaendelea kukinga, hawakumwogopa. Aliporudi ofisini aliniambia nitie klorini mtaroni kila tunapofungulia maji.

"Mzee, watakosa kabisa."

"Watakosa. Mtoto mmoja akifa kwa kuhara, watasema kituo kimeua, na watakuwa wamesema kweli. Chumvi siwezi kuwapa, si yangu. Kifo ninaweza kuwanyima."

Nilitia klorini. Wanawake walisikia harufu, wakamwaga ndoo zao palepale, wakaondoka. Nyabwire alikaa muda mrefu bila kuitika salamu yangu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Bunda, kwenye mabwawa ya kukuzia vifaranga karibu na Nyasura. Kule hakukuwa na maabara. Kulikuwa na udongo mweusi, wakulima wa pamba, na ng'ombe waliokuja kunywa kwenye mabwawa yetu wakavunja kingo. Afisa Uvuvi aliyekuwa mkubwa wangu hakuwahi kumla kamba na hakutaka kumla. Alisema anafanana na panzi aliyelogwa. Lakini alipiga ripoti zake kwa taipu bila kukosa, akituma mahali ambapo, nadhani, hazikusomwa.

Nilikuwa huko upepo ulipogeuka. Maduka yakaanza kujaa sabuni, sukari na chumvi, na watu tukasema ruksa ya biashara imefika. Halafu tukasikia mashirika yanauzwa na wafanyakazi wanapunguzwa. Kituo cha Musoma kilipewa mtu binafsi. Meneja wangu alipunguzwa pamoja na wengine. Alipita Bunda amekaa mbele ya lori lililobeba magodoro na kuku wake, akiwa njiani kurudi kwao. Alishuka kuniaga. Safari ile alinipa mkono kwanza, wala hakuuliza kama nimenawa.

"Wanakuja watu wenye haraka," alisema. "Ukirudi pale, usiwaache wamwage maji ya zamani." Nikamwambia nitajitahidi. Sikumwona tena.

Ni kweli nilirudi. Mwenye kituo mpya, ambaye sote tulimwita Mkurugenzi, aliniita kwa sababu sahani na hadubini zilikuwepo na aliyejua kuzitumia hakuwepo. Hakuwa mtu mbaya. Alilipa kwa wakati, umeme ulipokatika aliwasha jenereta, na aliwajua wafanyakazi wote kwa majina ya watoto wao. Alisoma vitabu vya ufugaji kuliko mimi. Ila alikuwa amekopa, na deni halingoji lava ajivue gamba.

Alijaza matangi mara nyingi kuliko tulivyozoea, akaamuru yote yaoshwe kwa klorini na yaanze na maji mapya. Kisha akaleta makopo ya unga wa njano. Ilikuwa dawa ya kuua bakteria, ya ukoo mmoja na vidonge vya rangi mbili vinavyotolewa hospitali. Masatu aliupima kwa kijiko na kuutia kwenye kila tangi kila asubuhi, lava wakiwa wagonjwa au wazima.

Nawaambia ukweli, mwanzoni ulifanya kazi. Lava walipona kwa wingi ambao sikuwahi kuuona. Malori yalibeba vifaranga mpaka Bunda na mpaka Buswahili, ambayo siku hizi iko wilaya ya Butiama. Kule wakulima walichimba mabwawa kwenye majaruba ya mpunga, wengine wakiuza ng'ombe kulipia wachimbaji. Mimi mwenyewe nilifurahi. Nilidhani Meneja wangu alikuwa mwoga.

Halafu msimu mmoja lava wakaanza kuzama. Masatu aliniita, akanifunika mimi na tangi kwa turubai jeusi, mchana kweupe. "Subiri macho yazoee, dada." Nikasubiri. Gizani mle lava walikuwa wanawaka, mwanga hafifu wa kijani, kila mmoja kama cheche inayokufa. Kuna bakteria wa maji ya chumvi wanaotoa mwanga. Wakijaa kwenye lava kiasi cha kumfanya awake, huyo hana siku mbili.

"Wamependeza," Masatu alisema kwa sauti ya chini. "Ndio wanakufaga hivi?"

Niliwapandikiza bakteria hao kwenye agari, nikaweka juu yake vipande vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Dawa ikiwa na nguvu, kuzunguka karatasi hubaki duara tupu. Kwa dawa ya njano hakukuwa na duara. Walikuwa wameota mpaka wakapanda juu ya karatasi yenyewe. Nilimpelekea Mkurugenzi sahani. Alivaa miwani, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, na alielewa haraka.

"Wameizoea," alisema.

"Wameizoea, bosi. Tusimamishe. Tukaushe matangi, tupumzike, tuanze upya."

"Tukipumzika msimu huu hakuna msimu mwingine. Unajua hilo?" Alinirudishia sahani. "Ongezeni dozi mpaka shehena hii itoke."

Tukaongeza. Masatu akawa na vidole vya njano kama mla manjano.

Wiki hiyohiyo alikuwa anamtoa kamba jike mwenye mayai kwenye bwawa la wazazi. Kamba wana upanga kichwani wenye meno kama msumeno. Yule jike alijirusha, upanga ukaingia kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Masatu alifyonza damu, akatema, akaendelea na kazi. Sote tulikuwa tumechomwa mara nyingi. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba. Siku iliyofuata wekundu ulikuwa umepanda mpaka kiwiko, na alikuwa anatetemeka kwenye jua.

Tulimpeleka hospitali. Daktari wa zamu, kijana mwenye shati lililopauka, alimwandikia vidonge vya rangi mbili, maana ndivyo vilivyokuwepo. Nikamwambia, "Daktari, huyu anafanya kazi ndani ya dawa hiyo. Bakteria wetu hawaiogopi tena." Hakunidharau. Maabara yao haikuwa na agari, akaniomba nichukue usaha nikaupandikize kwangu. Nilikimbia nao kituoni. Kesho yake nikafungua sahani: kuzunguka karatasi ya njano hapakuwa na duara. Dawa moja tu, karatasi ya pembeni kabisa, ilikuwa na duara pana, safi.

Daktari alisoma jina la dawa hiyo, akasugua uso wake. "Hapa Musoma haipo. Labda Mwanza."

Mkurugenzi alitoa gari lake mwenyewe, nami nikaenda. Dawa tuliipata kwenye duka la mtu binafsi, maana sasa maduka yalikuwa na kila kitu. Tuliporudi mkono ulikuwa umegeuka mweusi na Masatu hanitambui. Walimchoma sindano mbili. Nyabwire alikuwa amekaa sakafuni ameshika miguu ya mumewe chini ya blanketi. Masatu alikufa mchana, watu wakiwa wanaingia na chakula cha wagonjwa, harufu ya dagaa imejaa wodini.

Sijui kama bakteria waliomuua walizaliwa kwenye bwawa letu au walikuwa tayari mahali fulani ziwani. Daktari pia hakujua. Niliyoiona ni sahani, nami nasema nilichokiona.

Tulimzika Majita, Mkurugenzi akabeba jeneza pamoja na wavuvi. Mwezi haukupita, akasafiri kwenda kutafuta vipuri vya jenereta, wala hakurudi. Watu wa benki walikuja wakachukua pampu.

Serikali ilinirudisha kama bwana samaki, hivyo ndivyo tulivyoitwa hata wanawake, nikapangiwa upande wa Buswahili. Nilikuta mabwawa yamechimbwa vizuri, kingo zimepandwa nyasi, ndani vyura. Mzee mmoja aliyekuwa ameuza maksai wake wa kulimia alinishika mkono akanitembeza kuzunguka bwawa lake lote, akanionyesha njia ya maji aliyoijenga kwa mawe.

"Mbegu za kamba zinakuja lini, mama?"

"Haziji, baba."

"Sawa," alisema. "Lakini zikija, mimi niko tayari." Alikuwa hanisikii, au hakutaka kunisikia. Mwishowe tulipanda sato, na miaka mingine walivuna kidogo, miaka mingine mto ulifurika ukawachukua wote. Sato walipougua, wakulima waliniomba dawa, na siku hizo dawa ya unga ilikuwa inauzwa wazi gulioni kwenye duka la pembejeo, pembeni ya mbegu za nyanya. Niliwakatalia mpaka nikapewa jina la Mama Hapana. Walinunua wenyewe. Nikastaafu wakiwa bado wananunua.

Sasa naishi Kitaji, Musoma mjini. Vijana wa vyuo hunijia kuuliza, maana wanajifunza tena habari za bakteria wema tumboni mwa vifaranga, kwa mashine ambazo sikuziota. Nafurahi kuwasikia. Huwaambia: ukiona wanakufa, mkono wako utataka kufanya jambo haraka. Ushike huo mkono kwanza. Wengine huandika. Wengine huniuliza dozi.

Nilipostaafu, Nyabwire alikuja kutoka Majita kunitembelea, na kuku chini ya kwapa. Amezeeka, magoti yanamsumbua. Tulikula, tukaongea habari za watoto, na wa kwanza wake ambaye sasa ana mtumbwi. Alipokuwa anafunga kanga ili aondoke akasimama.

"Wifi, kuna kitu sijawahi kukuuliza. Wale watoto wa kamba, ambao marehemu alikuwa anawatia dawa wiki ile. Walipona?"

Ningeweza kumdanganya. "Hapana, wifi. Walikufa wote. Hata siku ya mazishi hawakuifikia."

Alikaa tena kitini, taratibu, akiwa ameshika magoti.

"Basi," alisema. "Miaka yote hii nilikuwaga nafikiria angalau wao."